Viza imekataliwa kwa sababu ya "until now"

Kijana wa Temeke:
Wakubwa shikamooni. Jana mke wangu kanyimwa viza ya kuja kunitembelea. Barua ya kazini kwake ilichapwa steshenari Kariakoo, imeandikwa "She has worked here until now", sisi tulimaanisha yupo kazini mpaka sasa, wao wakasoma kwamba kazi imeisha, eti hana cha kumrudisha Dar. Hela hairudi. Je, naweza kutuma barua iliyorekebishwa kwa refarensi ileile, au anaanza upya VAC, kile kituo cha kupokea maombi ya viza, na alama za vidole?

Dada wa Upanga:
Pole sana kaka. Hapo ilitakiwa "since" na mwaka alioanza, "has worked here since 2016". Ukitaja idadi ya miaka ndo unaweka "for". "Until" inafunga mlango, "mpaka sasa" yetu haifungi. Mimi niliambiwa nijibu "by 14 March", nikaposti tarehe 14 saa tisa mchana nikalala na amani, kumbe walitaka iwe imeshafika siku hiyo. Nililia.

Mzee wa Ilala:
Tatizo sisi tuna -ni tu. Kituoni, mezani, chumbani, yote -ni, Mwingereza anasema "at the station", "on the table", "in the room".

Binti Kigamboni:
Shikamoo mzee, lakini hapana. Chumbani mna mtu, mezani pana kitabu, sokoni kuna watu. Tofauti tunazo, watu wa Dar tumezitupa kila kitu tunasema kuna.

Mzee wa Ilala:
Marahaba. Sijakataa, ila soma vizuri nilichoandika. Mezani pana sahani, hiyo ni "on". Mezani pana watu wanakula, hao ni "at". Pana ni ileile, haikusaidii.

Dada wa Upanga:
Na shule ndo ilituumiza, msingi wote Kiswahili halafu kidato cha kwanza unakutana na baiolojia kwa Kiingereza, unakariri tu. Mahakama wamebadilishiwa sheria 2021 lugha iwe Kiswahili, sekondari bado.

Binti Kigamboni:
Mmetaja meza nimekumbuka pweza wa Feri jioni, pilipili na ndimu, unakula umesimama pantoni inapiga honi. Hapa nilipo saa kumi jioni giza.

Kijana wa Temeke:
Asanteni, mwajiri kakubali kuandika upya, nimempa "since". Ila jamani, VAC anarudi au harudi?