Kwa nini Waholanzi waliiachia New Amsterdam bila kupigana?

Mpenda Historia: Wakuu, habari. Septemba 1664 Peter Stuyvesant, mtawala wa Kiholanzi, aliwakabidhi Waingereza mji wa New Amsterdam, ambao leo ni New York, bila vita. Mtu huyu alikuwa askari, mguu mmoja aliupoteza akipigana na Wahispania kwenye kisiwa cha Sint Maarten, Karibi. Ilikuwaje akasalimu amri? Alihongwa?

Bahari Kuu: Hapana mkuu. Yeye alitaka kupigana. Meli 4 za Richard Nicolls, kamanda wa Waingereza, zilikuwa zimeshatia nanga, na ngome yake ilikuwa na baruti kidogo. Barua iliyokuwa na masharti nafuu ya Waingereza aliichana ili watu wasijue. Watu wakaja juu, vipande vikaunganishwa, ikasomwa. Kisha wakazi 93 wakatia saini kumsihi akubali, akiwemo mwanawe wa kumzaa, Balthasar. Sasa hapo angepigana na nani nyuma yake?

Tatizo lilianza zamani. Koloni lile lilikuwa chini ya Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi, na Stuyvesant alikuwa mkurugenzi mkuu wake tangu 1647. Wakazi walihangaika mpaka wakapewa baraza la mji mwaka 1653, naye akawateua wajumbe wa kwanza mwenyewe! Ukiwanyima watu sauti, usitegemee wakufie.

Kisiwani: Ila Waholanzi waliuteka tena mji 1673, wakauita New Orange. Mwaka uliofuata wakaurejesha kwa Waingereza kwa mkataba wa Westminster.

Mpenda Historia: Asanteni. Na wakazi walipata nini kwenye makubaliano ya 1664?

Bahari Kuu: Mengi. Walibaki na nyumba na mashamba yao, urithi uligawanywa kwa desturi ya Kiholanzi, na kila mtu aliabudu kwa dhamiri yake.

Lakini mimi nawafikiria zaidi Waafrika wa pale, na sipendi wanavyorukwa kila habari hii inaposimuliwa. Mwaka 1644 Kampuni iliwapa watumwa wake 11 na wake zao uhuru nusu: walime vyao, kila mwaka walipe nafaka na nguruwe, na watoto wao wabaki watumwa wa Kampuni, hata wale ambao hawajazaliwa. Miaka 20 baadaye yakaja masharti ya kulinda mali za wakazi, na kwa sheria za wakati ule mtumwa alihesabiwa mali. Kwa hiyo bendera ilibadilika, wenye watumwa wakabaki nao.