MJADALA: Watoto wetu huku Marekani kufundishwa utumwa kwa midoli na pamba, tukubali au tukatae?

Wazazi wenzangu habari za wikendi. Naomba hili tulijadili kwa utulivu maana kwenye grupu la WhatsApp limeshazua zogo, watu wameanza kurushiana maneno na wengine wamejitoa kabisa.

Niko Ohio, binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la tatu. Wiki mbili zilizopita, kwenye somo la utumwa, mwalimu wao alileta pamba darasani, pamba yenyewe ikiwa kwenye tumba lake na mbegu zake, akampa kila mtoto tumba moja atoe mbegu kwa vidole. Mpaka hapo sina neno, tena nampongeza. Shida akaweka mashindano, atakayemaliza wa kwanza anapewa pipi. Mwanangu akamaliza wa kwanza. Karudi nyumbani anarukaruka na pipi yake, mama nimeshinda kuchambua pamba, nimewapita wote! Meza yao wako sita na mweusi ni yeye peke yake. Nilikaa kwenye kiti cha jikoni nikashindwa hata kumwambia hongera, na bado naumia nikikumbuka ile sura yake anasubiri nimsifie.

Na sio kwamba pamba inanichefua. Mimi ni mtoto wa Maswa, pamba naijua. Tumba likishakauka lile ganda lake linakuwa na ncha, linakuchoma pembeni ya kucha, jioni hata tonge la ugali wa moto kulishika ni kazi. Lakini lile lilikuwa shamba la baba yangu na mzigo ukishapimwa hela tunapata sisi, ada yangu ya sekondari ilitoka hapo hapo. Ndo maana nasema mtoto kushika pamba sio dhambi, ila kumpa pipi kwa kasi ya vidole vyake kwenye somo la utumwa, hapana jamani, kasi ya vidole ndo kitu ambacho msimamizi wa shamba alikuwa anakitafuta kwa kiboko.

Sasa kwenye grupu kuna dada yangu mmoja wa Mombasa anasema watoto bado wadogo, waache wacheze, hayo mambo mazito watayajua wakikua. Dada yangu nakuheshimu ila hapo sikubaliani na wewe. Mtoto hangoji akue ndo aelewe. Miaka ya 1940 wanasaikolojia wawili weusi, mtu na mke wake, Kenneth na Mamie Clark, waliwawekea watoto weusi wa miaka mitatu mpaka saba midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza yupi mzuri, yupi mbaya, yupi unataka kucheza naye. Wengi walichagua mweupe. Wakaulizwa tena haya nionyeshe anayefanana na wewe, kuna waliolia. Utafiti ule ulifika mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani kwenye kesi ya 1954 iliyopiga marufuku kutenga watoto shuleni kwa rangi. Kwahiyo mdoli sio kitu cha mchezo tu, mtoto wa miaka mitatu anajifunzia pale hata kama hakuna aliyemfundisha.

Kuna kaka yetu mwingine, Mkongo yuko Kentucky, yeye kasema hii midoli ya kufundishia historia yote ni biashara, mmoja zaidi ya dola 100, hiyo hela bora ununulie mtoto viatu. Kwenye bei uko sahihi kabisa kaka, ile midoli ya kampuni ya American Girl, ambayo kila mmoja ni msichana wa enzi fulani na vitabu vyake vya hadithi, mimi wa kwetu nilimchukua mtumba. Ni yule Addy Walker, katoka 1993, hadithi yake ni ya mwaka 1864, binti anatoroka utumwani na mama yake kutoka North Carolina mpaka Philadelphia, baba na kaka wameshauzwa. Kuna sehemu msimamizi anamlazimisha kula funza aliowaacha kwenye majani ya tumbaku. Binti yangu alipofika pale aliniita nije nikae naye, tukasoma wote, na siku ile alilala na yule mdoli. Niambieni kitabu gani cha darasani kingefanya hivyo. Pia Addy ana simbi shingoni, amerithi kwa bibi wa baba yake aliyechukuliwa Afrika, binti yangu akaenda kuchukua simbi za kwenye ule mkoba nilionunua Zanzibar akazilinganisha.

Lakini kuna hoja ya mama mmoja Mmarekani mweusi jirani yangu ambayo siwezi kuipinga. Anasema kwa miaka karibu 20 kwenye ile midoli ya historia msichana mweusi alikuwa huyo Addy tu. Wenzake wana mdoli Samantha wa 1904 na nguo zake za kitajiri, yeye akiwa mtoto akaletewa mtumwa, akawa anaona aibu kumpeleka kwa marafiki. Baadaye ndo wakaja wengine, yupo Melody wa Detroit 1964 na Claudie wa Harlem 1922. Hii ndo sababu nasema mdoli mmoja hatoshi, ukimnunua Addy mtafutie mtoto na hadithi ya weusi waliokuwa wanacheka na kujenga mji.

Msimamo wangu mimi ni huu, mtoto ashike kitu, asiigizishwe mateso. Atoe mbegu kwenye pamba, ndiyo, halafu mwalimu amwambie kwamba kabla ya mashine ya kuchambua pamba ya Eli Whitney ya 1793 mtu alikuwa anashinda siku nzima kupata kama nusu kilo ya pamba safi, na ile mashine badala ya kuwapunguzia watumwa kazi ikawaongeza, maana sasa kuchambua ni rahisi basi kila mwenye shamba anataka kulima zaidi. Mwaka 1790 watumwa walikuwa kama laki saba, 1860 wanakaribia milioni nne. Hilo ndo somo, na darasani halikusemwa, muda uliishia kwenye pipi.

Na sisi waswahili tuna mlango wetu wa kuingilia hapa. Ile nguo ya pamba mafundi wetu wanaita marekani mnadhani jina limetoka wapi? Meli za Salem, Massachusetts zilikuwa zinaileta Zanzibar, mkataba wa Marekani na Sultani ni wa 1833, wakishusha vitambaa wanapakia pembe za ndovu na sandarusi. Viwanda viko kaskazini lakini pamba ni ya kusini, ya watumwa. Vita yao ya wenyewe kwa wenyewe ilipoanza 1861 ile nguo ikaadimika mpaka kule kwetu. Yaani mwaka ule Addy anatoroka kwenye hadithi, muuza nguo Zanzibar anahangaika kutafuta marekani.

Jumamosi nilikata kipande cha marekani nilichotumiwa na wifi, tukamshonea Addy gauni kwa mkono, binti yangu mishono yake mikubwa imepinda lakini nimeiacha vilevile. Akaniuliza, mama kwahiyo aliyelima hii pamba ya zamani hakulipwa hata kidogo? Nikamwambia hata kidogo. Akanyamaza, akaendelea kushona.

Sasa Ijumaa anataka kumpeleka Addy darasani na hilo gauni, na mimi namwandikia mwalimu barua. Nimemwambia pamba ibaki, mashindano yatoke, na niko tayari kuja mwenyewe kuwaonyesha watoto ile nguo. Mnaonaje, niipeleke kwa mwalimu kwanza au niende moja kwa moja kwa mkuu wa shule? Waliopitia hili tafadhali nisaidieni, hasa wenye watoto wa kiume, maana mimi wangu wote ni mabinti na sijui mdoli mngeuingiza vipi kwa hao.