Video za "jifanyie mwenyewe" zimeniharibia bafu, na leo sinyamazi

Wakuu, naandika nikiwa na vumbi la simenti mpaka kwenye kope, kwa hiyo mkiona nimepandisha sauti mnivumilie.

Bafu langu lilikuwa na vigae vya zamani, vimefubaa, viwili vimepasuka. Nikajiambia, kubandika vigae kuna nini cha ajabu? Nikaangalia video moja, ya pili, nikajikuta nimefika kumi na kitu. Zote wimbo mmoja: jamaa kavaa fulana nyeupe, anapaka gundi, anabandika, anagonga kwa nyundo ya mpira, muziki unapigwa, mwisho anafungua bomba la mvua huku anacheka. Dakika 8. Mimi nilikula wikiendi mbili, na wiki ya tano rangi ya chumba cha kulala, kwenye ukuta unaopakana na bafu, ikaanza kutoa malengelenge. Ukiyabonyeza, maji.

Sikasiriki kwa sababu kazi ni ngumu. Nakasirika kwa kile walichokikata. Kila video ina sehemu ya sekunde mbili hivi, mtu anapitisha brashi sakafuni, halafu fyuu, kigae cha kwanza kimeshakaa. Sasa zile sekunde mbili ndizo bafu lenyewe! Mle ndimo walimoizika dawa ya kuzuia maji. Inapakwa mara mbili, mkono wa pili ukiukatiza wa kwanza, inapandishwa ukutani, na kwenye kona inatandikiwa utepe kwa sababu ukuta na sakafu kila kimoja hujongea kivyake. Kila mkono unausubiri ukauke. Kisha unaziba tundu la kutolea maji, unajaza maji kidogo sakafuni, unaweka alama ya kina chake, unaondoka kwa saa 24. Ukirudi ukakuta maji yameshuka vya kuonekana, hubandiki kitu. Nitajieni video hata moja mliyoona mtu akisubiri hizo saa 24. Kusubiri hakuna watazamaji.

Na mimi, mjinga wao, nilijua grauti, ule ujazo wa kati ya vigae, ndiyo inayozuia maji. Grauti ya kawaida ya simenti inanyonya, jamani. Kigae ni shati tu, koti la mvua linavaliwa ndani. Tena kwenye kona zote nilijaza grauti hiyohiyo, ikapasuka kabla hata ya mwezi kwisha. Kumbe kwenye kona panakwenda silikoni inayofaa bafuni, kwa sababu yenyewe inavutika.

Tuje kwenye mabonge matano ya gundi. Mnayajua? Bonge moja kila pembe, moja katikati, bandika, gandamiza, songa mbele. Yule jamaa wa fulana nyeupe alifanya hivyo na nikaona raha, maana ni haraka. Leo nimepita na mpini wa bisibisi nikigonga kigae kimoja kimoja: ko, ko, ko, halafu DUM. Uwazi mtupu chini. Maji yakishapenya humo hayatoki, yamepanga chumba. Gundi ilitakiwa itandazwe kwa mwiko wenye meno, mistari iende upande mmoja, ukishabandika unainua kigae kimojawapo kuangalia kama mgongo wote umelowa gundi. Bafuni, viwango vya kazi hii vinavyotajwa sana vinataka angalau asilimia 95 ya mgongo iwe imeshika. Mabonge yangu matano sidhani yalifika nusu.

Mteremko nao sijautaja. Sakafu ya sehemu ya kuogea inatakiwa iteremke kuelekea tundu la maji sentimeta 1 mpaka 2 kwa kila mita. Mimi nilihangaika na pimamaji mpaka kipovu kikakaa katikati kabisa, nikapiga picha, nikajisifu. Nimejenga meza. Maji yanatulia pale kama mgeni asiyeaga.

Mama watoto aliniuliza swali moja tu, "Kwani mfuko wa gundi haukuandikwa maelekezo?" Umeandikwa. Niliusoma juzi, baada ya kuutoa kwenye takataka.

Najua kuna watakaokuja na "ungeita fundi." Sawa, ila sikieni hili: nilipong'oa vile vigae vya zamani, vilivyobandikwa na fundi wa kulipwa kabla sijahamia, chini yake nilikuta mabonge matano na hakuna hata tone la dawa. Kwa hiyo msinifanye mimi ndiye mvivu wa kwanza duniani. Tofauti ni kwamba yeye hakujirekodi akiwafundisha wengine.

Kinachonitisha kweli ni wale wa umeme. Nimemwona mmoja anabadilisha soketi bila kuzima swichi kuu, bila kipimo cha kuhakikisha waya umekufa, na ule waya wa kijani na njano, wa ardhini, kaukunja kaurudisha ndani "kwa sababu hauhitajiki." Watu chini wanampongeza! Bafu langu limevuja, nitalibomoa nianze upya. Bila huo waya, siku kifaa kikipata hitilafu, bati lake lote linaweza kuwa na umeme na mtu akalishika.

Basi, niko chini hapa na tindo, nimefika kigae cha 11 na bado 60 na ushee. Bomba la maji linapita chini ya sakafu upande wa mlangoni, sijui kina chake. Aliyewahi kung'oa vigae juu ya bomba bila kulitoboa aniambie alianzia wapi. Ukitaka kunitumia video, ipite saa moja.