Kutresi mchoro wa mwenzako kisha ukasaini jina lako ni wizi, acheni kuutetea

Wakuu, hili jambo limenijaa kifuani na leo nalitoa lote.

Kuna watu kwenye fani hii ya uchoraji ambao kazi yao ni moja tu. Wanatafuta mchoro mzuri wa mtu, wanauingiza kwenye programu ya kuchorea, wanaufifisha, wanafungua leya mpya, yaani tabaka jingine, juu yake na kupitisha kalamu kwenye kila mstari wa mwenye mchoro. Huko ndiko kutresi. Wakimaliza wanafuta leya ya chini, wanabadilisha rangi ya nywele, wanaongeza hereni, wanasaini. Halafu wanatangaza "kazi yangu mpya" na pongezi zinamiminika. Oda zinaingia. Wengine wamefika hatua ya kufungua madarasa ya kulipia! Mtu ambaye hajawahi kuamua mwenyewe bega likae wapi anawafundisha wenzake kuchora mwili wa binadamu.

Na ukithubutu kusema, unaambiwa una wivu.

Kabla watetezi wao hawajafika, niliweke sawa hili: kutresi kwenyewe si kosa na sijawahi kusema ni kosa. Cennino Cennini, mchoraji wa Kiitaliano aliyeandika mwongozo wa ufundi wake karibu mwaka 1400, anaeleza hadi namna ya kutengeneza karatasi angavu ili mwanafunzi aweze kufuatisha kichwa au umbo kutoka kwenye kazi ya fundi mkubwa. Wachoraji wa vitabu vya katuni wana mtu wa penseli na mtu wa wino, na huyu wa wino anapita juu ya mistari ya mwenzake kihalali kabisa, tena majina yote mawili yanaandikwa. Mimi mwenyewe nikihamisha rasimu yangu kwenda kwenye karatasi safi natumia meza ya mwanga, ile ya kioo inayomulikwa kutoka chini. Tresi kazi za mabingwa usiku kucha kwenye daftari lako, utajifunza mengi. Ukitaka kuonyesha watu, andika chini: zoezi, nimefuatisha mchoro wa fulani. Ni sentensi moja. Haina gharama.

Wanaoniudhi ni wale ambao sentensi hiyo hawaiandiki, na wakiulizwa wanaapa.

Nieleze kinachoibwa hapa, maana naona wengi wanadhani ni "mistari tu". Nilichora mwanamke aliyeinama anafunga kamba za kiatu. Mguu wake, kuanzia goti hadi kifundo, niliurefusha kidogo kuliko mguu wa kawaida, makusudi, ili jicho la mtazamaji liteleze kutoka usoni hadi kwenye vidole vinavyovuta kamba. Mkono mmoja niliuficha nusu nyuma ya goti kwa sababu mikono miwili iliyo wazi ilikuwa inagombania macho. Mkunjo wa sketi kwenye paja niliuacha bila kuufunga, mstari unakatika hewani, ili pale pawe na mwanga. Kila kimoja kati ya hivyo kilinigharimu karatasi nyingi zilizotupwa.

Kisha nikaukuta kwenye ukurasa wa mtu nisiyemjua. Nguo imekuwa nyekundu, nyuma pamewekwa maua, na saini yake ipo. Mguu ni mrefu vilevile. Nusu ya mkono imefichwa vilevile. Na ule mstari niliouacha ukakatika? Ameufunga! Hakujua kwa nini uko wazi, akadhani umesahaulika, akaumalizia. Nikamwandikia kwa adabu, nikamwomba aniandike kama chanzo, basi. Alinijibu kwamba mikao haina mwenyewe, kisha akanizuia kabisa nisiuone ukurasa wake. Mchoro ule anauuza hadi leo.

Hapo ndipo penye uchungu. Mstari kwenye mchoro ni alama iliyobaki baada ya maamuzi: tunatazama kutoka juu au chini, uzito uko mguu gani, kipi kimzibe kipi, kipi kiachwe. Anayefuatisha anachukua maamuzi yote yakiwa yameshapikwa, halafu anasifiwa kwa akili ambayo si yake. Na nguo ya kuazima haisitiri matako. Mwambie amgeuze mhusika huyohuyo atazame upande mwingine, amsimamishe, amchore kwa nyuma, uone kama utajibiwa. Utaambiwa ana shughuli nyingi.

Msiniambie pia kwamba haiwezekani kujua. Mchoraji mzoefu anaona. Mstari uliofuatishwa una unene mmoja mwanzo hadi mwisho, unakwenda polepole kwa woga, hauna pale ambapo mkono umekazia au umelegeza. Kichwa kimetoka kwa mchoraji mmoja na kiwiliwili kwa mwingine, kwa hiyo uso unatazamwa kutoka chini huku mabega yanatazamwa kutoka juu. Mwanga unapiga shavu la kushoto na kifua cha kulia. Kazi moja ina vidole vya ajabu kwa uzuri, inayofuata ina vidole kama mpira. Na ukitaka uhakika, weka mchoro mmoja juu ya mwingine, ufifishe ule wa juu, isipolingana geuza mmoja kushoto kulia, maana kugeuza ndiyo mbinu yao ya kwanza. Watu wawili wanaweza kabisa kuchora mkao mmoja, wala hilo silibishi. Lakini nafasi kati ya kidevu na bega, pembe ya kiwiko, mikunjo ya shati na mahali kila mkunjo unapoishia, vyote vikalingana kwa pamoja? Na lile kosa dogo la mchoraji wa kwanza, sikio lililopanda juu kidogo, nalo likajirudia mahali palepale? Hiyo haitokei kwa bahati.

Video ya mchakato nayo msiniletee kama ushahidi wa mwisho. Zipo programu za kuchorea zinazokuruhusu kuingiza picha ya siri ambayo haitokei kabisa kwenye rekodi. Mtazamaji anaona mistari inajichora kwenye ukurasa mweupe, safi, bila kusitasita, bila rasimu. Mimi kutokuwepo kwa rasimu ndiko kunakonitia shaka. Ni nani anayeanza na kope ya jicho la kulia na kumaliza na kisigino bila kupima chochote katikati?

Utetezi wao naujua wote. "Nimebadilisha asilimia 30, kwa hiyo ni wangu." Asilimia hiyo imetoka wapi? Haimo kwenye Mkataba wa Berne, ambao ndio msingi wa hakimiliki kati ya nchi na nchi tangu 1886. "Hukusajili, hukuweka alama." Mkataba huohuo unasema ulinzi hautegemei usajili wala utaratibu wowote wa namna hiyo. Na tangu marekebisho ya 1928 unampa mwandishi au msanii haki ya kutambuliwa kuwa kazi ni yake, hata kama ameshauza haki za kuitumia kibiashara. Yaani hata angeninunulia mchoro wangu, bado asingekuwa amenunua ruhusa ya kusema ameuchora yeye.

"Nimegeuza upande na nimetumia rangi za mafuta." Haya. Mwaka 2022 mchoraji mmoja kijana nchini Luxembourg alipata tuzo ya euro 1,500 kwenye maonyesho, na mchoro wake ulitokana na picha ya mpiga picha Jingna Zhang. Mwanamke yuleyule, mkao uleule, ila ametazama upande wa pili. Zhang akaenda mahakamani. Desemba 2022 akashindwa, mahakama ikiona picha yake haina upekee wa kutosha kulindwa. Hebu fikirini maumivu hayo: unaibiwa, halafu unaambiwa kilichoibwa hakikuwa na thamani ya kuitwa chako. Hakukata tamaa, akakata rufaa, na Mei 2024 Mahakama ya Rufaa ikampa haki. Miaka miwili ya mapambano kwa kitu ambacho mtu yeyote mwenye macho angekiona kwa kuweka picha mbili pamoja. Sasa sisi wadogo tusio na wakili tunafanyaje?

Utetezi unaonichefua kuliko yote ni huu: "mkimsema mtamvunja moyo, bado anajifunza." Hamjali moyo wa aliyechora? Na si kweli kwamba kuumbuliwa ni kifo. Japani mwaka 2005 ilibainika kwamba mchora katuni Yuki Suetsugu alikuwa amenakili michoro ya mchora katuni mwenzake, Takehiko Inoue. Mchapishaji wake, Kodansha, alisimamisha hadithi iliyokuwa ikiendelea na kuviondoa vitabu vyake sokoni. Mwenyewe alikiri na kuomba radhi. Mwaka 2007 alirudi na hadithi mpya, na 2009 hadithi hiyo ilishinda tuzo ya katuni za Kijapani iitwayo Manga Taisho. Alikuwa na uwezo muda wote huo! Kumfichia hakungemsaidia chochote. Hawa mnaowalinda kwa sifa mnawanyima hata nafasi ya kujua kama wana mkono au hawana.

Halafu kuna madhara ambayo hayasemwi. Mwenye kutresi huwa anatoa kazi haraka, kwa hiyo wafuasi wake ni wengi, kwa hiyo mchoro wake unaonwa na watu wengi kabla ya wangu. Mteja akiuona wangu baadaye, ananiuliza mimi kwa nini nimemwibia yule. Nimeshaulizwa hivyo. Ilibidi nitoe rasimu na mafaili yenye tarehe ili kuthibitisha kwamba mkono wangu ni wangu. Chipukizi nao wanajilinganisha na mtu anayetoa kazi kamilifu kila siku, wanajiona hawafai, wanaacha penseli. Nimeona vijana wenye macho mazuri sana wakiacha kwa sababu hiyo, na hilo siwezi kulisamehe.

Kwa hiyo waandaaji wa mashindano, kabla hamjatoa zawadi ombeni rasimu na faili lenye leya zote, si picha iliyokamilika peke yake. Wateja, mkiagiza kazi mwombeni mchoraji awaonyeshe mkao huo katika rasimu mbili tatu tofauti kabla hamjalipa iliyobaki. Mchoraji wa kweli anazo, hatakasirika kuulizwa. Wasimamizi wa makundi ya wachoraji, mtu akileta michoro miwili iliyolingana msimwambie ayamalize faragha. Faragha ndiko tunakozuiwa.

Wenzangu mlioibiwa, wekeni hapa chini mchoro wenu na ule uliotresiwa, pamoja na tarehe za yote miwili na rasimu kama mnazo. Watetezi nao waje, lakini waje na rasimu za watu wao.