Mrejesho: Binti yangu na mtihani wa Bebras

Wakuu, niliuliza hapa kama nimtafutie binti yangu wa miaka 10 mwalimu wa kompyuta kabla ya mtihani wa Bebras (mashindano ya mafumbo ya kufikiri kikompyuta kwa wanafunzi) shuleni kwake, huku Uingereza. Wengi mlisema si lazima, na ni kweli: mtihani huu, ulioanzia Lithuania mwaka 2004, hautaki mtoto ajue kuandika programu. Tulichapisha maswali ya miaka ya nyuma, tukayafanya kwa penseli. Yaliyomsumbua ni ya kutafuta njia fupi kuliko zote kwenye ramani ya vituo. Alikuwa anabahatisha tu. Nikamwonyesha aandike umbali kutoka mwanzo wa safari juu ya kila kituo, akipata njia fupi zaidi afute, aandike upya. Hapo akafunguka kabisa! Kafanya juzi, matokeo bado. Uliyeshauri awe anaeleza jibu lake kwa sauti, ubarikiwe sana.