Mjadala: Kijana anayejifunza mitambo ya kompyuta Nairobi anunue seva kuukuu au kompyuta ndogo ya ofisini?

Mwanzisha mada

Ndugu zangu, vijana wengi wananiuliza wanunue mtambo gani wa mtumba ili wafanyie mazoezi nyumbani, na majibu wanayopewa mara nyingi hutazama bei ya dukani pekee. Msimamo wangu ni huu: kwa anayejilipia stima kwa tokeni, seva kuukuu ya kabatini, yaani kompyuta ya kuhudumia nyingine iliyoundwa kufungwa kwenye kabati la mitambo, ni ghali hata akipewa bure.

Seva kama Dell PowerEdge R710 iliyotoka mwaka wa 2009, R720 ya mwaka wa 2012 na HP ProLiant za rika hilo ziliundwa kwa ajili ya vyumba vyenye viyoyozi ambamo hakuna anayelala. Zina prosesa mbili, feni zinazovuma kutwa kucha na diski nyingi zinazozunguka, na hata zisipokuwa na kazi yoyote zinaweza kula wati 150 au zaidi. Wati 150 kwa saa 24 na siku 30 ni uniti 108. Tukichukulia shilingi 28 kwa kila uniti, kodi na tozo zikiwemo, mwenye seva atalipa shilingi 3,024 kila mwezi.

Hasara haiishii hapo. Tangu Aprili 2023 wateja wa nyumbani wamegawanywa na EPRA, mamlaka ya kusimamia nishati, katika madaraja matatu kwa kufuata wastani wa matumizi yao: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na wanaopita 100. Nyumba iliyozoea uniti 60 ikiwasha seva hiyo inafika 168, kwa hiyo hata jokofu na taa ambazo matumizi yake hayakuongezeka hata kidogo huanza kulipiwa kwa bei ya daraja la juu. Mimi mwenyewe niliiweka seva ya namna hiyo sebuleni, na ilinichukua miezi kadhaa kuelewa kwa nini tokeni niliyoizoea haikufika tena katikati ya mwezi.

Linganisheni na kompyuta ndogo zinazotolewa maofisini, yaani Dell OptiPlex Micro, Lenovo ThinkCentre Tiny au HP EliteDesk Mini. Tafuteni zenye prosesa ya Intel ambayo jina lake huishia herufi T, alama ya matumizi madogo ya umeme, kama i5-6500T yenye viini vinne au i5-8500T yenye viini sita. Ikiwa imetulia, mashine nzima hula takriban wati 8 hadi 15. Wati 12 ni uniti 8.6 kwa mwezi, yaani shilingi 242 hivi. Nyingi hupokea kumbukumbu (RAM) ya gigabaiti 32 na SSD ya NVMe, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na ukiiwekea Proxmox, programu isiyolipiwa, utaendesha mashine pepe kadhaa, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya moja, bila shida.

Stima nayo hukatika. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba wati-saa 1,200, na ukitumia nusu yake ili usiiue mapema, seva ya wati 150 haitapita saa nne. Kompyuta ya wati 12 itavuka usiku wote na mchana unaofuata, hata ukitoa kinachopotea ndani ya inveta.

Mchangiaji kutoka Embakasi

Mwalimu, hesabu yako siipingi, ila naona umepima jambo moja ukaacha lingine. Kijana anayetafuta kazi katika chumba cha seva ataulizwa kuhusu kadi ya RAID inayounganisha diski kadhaa, kumbukumbu ya ECC inayojisahihisha makosa, na namna ya kuiwasha mashine iliyo mbali kupitia iDRAC au iLO, vidhibiti vya mbali vya seva za Dell na HP. Ataambiwa achomoe pawa saplai moja huku mtambo ukiendelea kufanya kazi. Hayo hayamo katika kompyuta ndogo unazozisifu, na mtu hawezi kuyazoea kwa kuyasoma tu.

Pili, ni nani aliyesema seva iwake saa 24? Akiiwasha kwa muda wa saa tatu kila jioni anatumia uniti 13.5 kwa mwezi, ambazo kwa bei yako ni shilingi 378. Tena sehemu kubwa ya stima yetu hutoka kwenye mvuke wa ardhini wa Olkaria, kwa hiyo tusimfanye kijana ahisi kwamba anaharibu mazingira kwa kujifunza.

Mwanzisha mada

Ndugu yangu, hoja ya saa tatu ni nzito na ninaikubali: mwenye nidhamu ya kuzima ataumia kidogo tu. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi hii ni kutunza huduma zisizolala. DNS ya nyumbani inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani, nakala za akiba zinazojiandika usiku na rekodi za hitilafu hazimfundishi mtu aliyezima mtambo saa nne usiku. Isitoshe, anayeishi bedsita na watoto hawezi kulala kando ya feni zile, na majirani wa ploti watalalamika kabla ya mwezi kwisha. Kuhusu Olkaria, mvuke ni safi, lakini mita haipunguzi bei kwa sababu hiyo.

Juu ya ECC na RAID, umenisahihisha. Ndiyo maana naona afadhali vyuo na vikundi vya vijana vinunue seva moja ya pamoja, ikiwezekana ya rika la R730 ya mwaka wa 2014 inayotumia kumbukumbu ya DDR4, iwashwe siku za mafunzo, huku kila mmoja akiwa na kompyuta yake ndogo nyumbani.

Anayekwenda Luthuli, barabara ya maduka ya elektroniki jijini Nairobi, kununua abebe mita ndogo ya plagi. Aombe mashine iwashwe, aiache itulie kwa dakika 20, kisha asome wati. Asidanganywe na kibandiko cha pawa saplai kinachosema wati 750, kwa sababu hicho ni kiwango cha juu inachoweza kutoa, si inachokula. Ahakikishe pia kwamba BIOS, programu inayoamsha mashine, haina nenosiri la mmiliki wa zamani. Muuzaji akikataa kuiwasha, aondoke.

Wenye mitambo nyumbani, leteni vipimo vyenu: modeli, idadi ya diski, wati ikiwa imetulia na saa mnazoiwasha kwa siku. Wenye R730 hasa ningependa kuwasikia.