Kaskazi hii nikimbie saa ngapi, na alfajiri niko kwenye karai?

MamaMahamri_Amu

Assalaam alaykum jamaa. Mimi ni mama wa miaka 44, niko Langoni hapa Lamu, nauza mahamri na mbaazi. Mwaka jana daktari alinipima presha akaniambia nipunguze mwili. Nikaanza kutembea jioni mpaka Shela, kutembea kukageuka kukimbia, raba za binti yangu zikawa zangu. Kusi lote nilikwenda vizuri. Sasa kaskazi, upepo wa miezi ya joto, imekolea na mambo yameharibika.

Alhamisi iliyopita nilitoka saa tisa u nusu alasiri. Buibui jepesi, suruali ndani, chupa ya maji sikubeba. Kwenda nilijiona farasi. Nilipokaribia Shela masikio yakaanza kuvuma, mato yakaona nyota, nikakaa juu ya jiwe kama mzigo uliosahauliwa na mashua. Kijana mmoja wa punda akasimama, akanipa maji yake ya dumu. Yalikuwa ya moto lakini niliyanywa yote, na punda akinitazama kama anayeniuliza, nani kakutuma?

Sasa swali. Msiniambie "kimbia alfajiri" mkaishia hapo. Unga naukanda baada ya isha uumuke usiku. Saa kumi za usiku naamka kusukuma na kukata, adhana ikilia mafuta yashachemka. Kuanzia saa kumi na mbili ni watoto wa shule, mafundi, watu wa mashua za Mokowe, mpaka saa mbili u nusu. Nikimaliza kuosha masufuria ni saa nne, jua lishakuwa kali, nami nalala. Muda wangu ni kuanzia alasiri. Nikimbie saa ngapi?

Raba_za_Malindi

Dada, pole. Lakini jibu ni lile lile: alfajiri. Mimi saa kumi na moja u nusu nishatoka Casuarina, nafika kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kurudi. Mwezi huu wa pili jua linachomoza kama saa kumi na mbili u nusu, nami nakuwa namalizia. Mtu akipenda chake huamka.

MamaMahamri_Amu

Kaka, na hayo mahamri unayonywea chai ukirudi huko nguzoni, aliyeamka kuyapika ni nani?

Mzee_wa_Mtepe

Hahaha. Umejibiwa, kijana.

Mwanangu, mimi nimevua miaka mingi, mbio sizijui ila hiyo njia yako naijua. Sikiliza. Ukitoka Langoni kwenda Shela, kaskazi inakusukuma kwa nyuma. Unakwenda na upepo, kwa hiyo huusikii, ni kama umo chumbani dirisha limefungwa. Ndiyo maana kwenda ulijiona farasi, na ndiyo maana ulianguka kule mwisho. Joto lilikuwa likikujaa bila wewe kujua. Kurudi ndiko unapopata upepo wa uso. Basi kwenda nenda polepole, nguvu ziweke za kurudi.

La pili, mui wetu umeelekea kisiwa cha Manda, yaani matlai. Asubuhi jua linatoka ng'ambo na kukupiga usoni moja kwa moja. Jioni liko nyuma ya nyumba. Kuanzia saa kumi na moja hivi, nyumba za mbele zinatupa kivuli chao mpaka ukingoni mwa bahari. Huyo wa Malindi kivuli hicho hana. Wewe saa tisa u nusu ulikuwa bado uko juani, ungengoja muda wa saa moja u nusu tu.

La tatu, maji. Hili ndilo kubwa. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua: maji hutoka kama saa nne asubuhi, na saa kumi alasiri yamejaa yanapiga ukuta. Siku hizo njia ya Shela utaivuka na buibui mkononi, bora upite njia ya ndani. Lakini mwezi ukiwa na siku nane, tisa, kumi, na tena ishirini na mbili mpaka ishirini na nne, ni maji mafu. Hayatoki mbali sana, ila yanatoka jioni, saa kumi, saa kumi na moja, na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini. Siku hizo ufuo wa Shela una mchanga mgumu wa kukimbilia, na nyuma yako vile vilima vya mchanga vinaziba jua likishuka. Tazama mwezi, usitazame saa.

Nesi_wa_Zamu

Mzee kasema kweli kuhusu upepo. Naongeza upande wa mwili.

Jasho halipozi kwa kutoka, linapoza kwa kukauka. Alfajiri hapa kwetu ndiyo saa yenye joto la chini, sawa, lakini ndiyo saa yenye unyevu mwingi hewani na mara nyingi upepo umelala. Jasho linadondoka tu halikauki. Kwa hiyo dada usijione umepunjwa sana. Jioni kuna joto zaidi kidogo lakini kuna upepo. Kitu cha kukwepa ni lile jua la saa tano mpaka saa kumi.

Mwili huzoea joto, huchukua siku kumi mpaka kumi na nne. Wiki hizo mbili kimbia dakika kumi na tano au ishirini, kwa mwendo ambao unaweza kuongea na mtu. Kunywa maji mapema, si pale pale unapofunga kamba za raba. Mkojo ukiwa kama chai ya mkandaa, ile isiyo na maziwa, siku hiyo tembea tu. Kichwa kikigonga, ukisikia kichefuchefu au ukaanza kuongea ovyo, simama kivulini na umwagiwe maji.

Na swali langu muhimu: unameza dawa gani ya presha? Zipo zinazokojosha sana. Kama ni hizo, rudi kwa daktari umweleze kuwa unakimbia kwenye joto, kabla hujatoka tena.

Tena umesimama mbele ya karai la mafuta masaa manne kabla ya hapo. Hilo nalo ni joto, lihesabu.

Bint_Shela

Hakuna aliyesema kuhusu macho ya watu! Saa kumi na moja jioni ndiyo saa baraza zinajaa. Mimi nilijaribu baada ya isha nikidhani kuna baridi, nikapita usita, njia ya ndani. Kuta za mawe zimekunywa jua mchana kutwa, usiku zinalitapika. Na giza, na mavi ya punda. Sirudii.

Mama, njoo mpaka kwetu, tukimbie wawili ufuoni. Wawili hawasemwi kama mmoja.

MamaMahamri_Amu

Nimerudi baada ya siku kumi na nane, msinione mtovu wa adabu.

Nesi, Mungu akulipe. Dawa yangu kumbe ni hiyo hiyo ya kukojosha. Daktari alinikaripia kidogo, akanibadilishia, na akaniambia ningoje wiki kabla ya kukimbia. Nikangoja, nikitembea tu.

Mzee, nimeandika miandamo kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni, pale napohesabu debe za unga. Siku za bamvua sivuki Langoni: natoka saa kumi na moja na robo, nakwenda na kurudi ukingoni kwenye kile kivuli. Mara ya kwanza nilikiona kwa macho kikitambaa, kimefika kwenye ngazi za gati, mashua zilizofungwa bado ziko kwenye jua nami niko pembeni nimepoa. Miaka yote naishi hapa sikuwahi kukitazama. Na ni kweli, nikigeuka kurudi ule upepo unaingia ndani ya buibui likawa tanga.

Siku za maji mafu naenda kwa Bint_Shela. Yeye ana miaka 23 na anaongea kuliko anavyokimbia, kwa hiyo mwendo wa "unaweza kuongea" tumeupata bila tabu.

Za baraza: wa kwanza kuniita "Kipchoge" alikuwa mteja wangu wa mahamri kumi ya mkopo. Nikamkumbusha mkopo pale pale mbele ya wenzake. Sasa akiniona naja anatazama bahari.

Raba_za_Malindi

Nimeomba radhi kimya kimya siku zote hizi. Na Ramadhani itakuwaje?

MamaMahamri_Amu

Ramadhani watu wanataka mahamri ya futari, karai linahamia alasiri. Asubuhi nitakuwa huru lakini nimefunga. Hapo nitakuja kuuliza upya, na wewe utaniambia alfajiri.

Yeo ni mwezi tisa, maji yanatoka. Natafuta soksi.